Bonyeo Haliondolewi kwa Nguvu

Mwezi uliopita jirani yetu alitujia akiwa na tarumbeta ya mwanawe, kijana wa bendi ya shule. Kidomo cha kupulizia kilikuwa kimekwama. Baba mtu alikuwa amekishika kwa koleo akakisokota kwa nguvu zake zote. Kidomo kisitoke, na bomba linalokipokea likapindika hata lehemu yake ikaachia. Chombo ni cha shule, na gharama ni juu ya mzazi. Tukafuatana naye hadi kwa mzee mmoja, fundi wa shaba katika Mji wa Kale wa Mombasa, na tuliyoyaona huko ndiyo tunayowaletea leo.

Wanazuoni wametofautiana katika hukumu ya ala za muziki, nasi hatuna azma ya kuingia katika khilafu hiyo hapa. Maneno yetu ni juu ya ufundi na zana zake.

Mzee hakugusa nyundo. Alifungua mtoto wa meza akatoa vibao viwili vya feleji vilivyounganishwa kwa parafujo mbili ndefu. Kibao kimoja hukaa kwenye ukingo wa bomba, cha pili hushika shingo ya kidomo. Parafujo huzungushwa kwa zamu, robo mzunguko huku na robo kule, vibao vikaachana kidogo kidogo na kidomo kikavutwa kwa unyoofu pasi na kusokotwa. Haikupita dakika kikatoka. Zana ile alijitengenezea mwenyewe kwa msumeno na tupa katika ujana wake, baada ya yeye pia kuliharibu bomba la mteja kwa koleo.

Tarumbeta, ndugu msomaji, ni bomba la shaba ya njano lenye urefu wa karibu mita 1.5 lililokunjwa likakunjika. Siwa ya shaba ya Lamu ni kazi ya kusubu, nene na nzito. Lakini ukuta wa tarumbeta ni mwembamba, kiasi cha nusu milimita. Ikianguka, hubonyea. Nyundo ya nje haiwezi kulitoa bonyeo, kwani huzidi kulizamisha. Sharti chuma kisukumwe kutoka ndani, mahali ambapo kidole hakifiki.

Kwa hiyo fundi huwa na gololi za feleji za vipimo vingi, kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa unene wa ukucha au pungufu ya hapo. Mzee wetu alizitoa katika beringi za magari, akazitoboa na kuzitia katika ncha za fimbo zilizopindwa kwa kufuata mikunjo ya bomba. Fimbo hubanwa kwenye jiliwa, na tarumbeta ikasukumwa juu yake taratibu, kuanzia gololi ndogo hadi inayolingana na upana wa bomba. Wako mafundi wanaotumia sumaku kali kwa nje kuiongoza gololi iliyomo ndani. Na kila shaba inapofuliwa huwa ngumu zaidi, na ikizidishiwa hupasuka. Ndipo hulazimika kutiwa moto ili ilainike tena. Mwenye pupa hulipa mara mbili.

Ala za mbao zina matatizo yake. Klarineti nyingi nzuri zinazotengenezwa Ulaya ni za mpingo, mti wetu huu unaotoka Tanzania na Msumbiji. Matundu yake hufungwa kwa vifuniko vidogo vyenye sufu iliyovikwa utando mwembamba, na pumzi ikivuja hapo kwa nafasi ya unywele, sauti za chini hukataa kutoka. Kuutafuta uvujaji huo, fundi hubandika ukanda wa karatasi nyembamba mno kwenye kijiti, akaufungia chini ya kifuniko na kuuvuta. Ukishikika pande zote, kifuniko ni kizima; ukiteleza upande mmoja, hapo ndipo penye ila. Katika saksafoni huingiza kijitaa ndani ya bomba, chumba kikiwa na giza, akatazama mwanga unapopenya. Na springi zake, nyembamba mithili ya sindano, huvutwa na kusukumwa kwa kijiti cha chuma chenye ndoana upande mmoja na mkato upande wa pili. Cha mzee wetu kilikuwa sindano ya kufumia aliyoipiga tupa.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mvivu anayetafuta kisingizio. Lakini katika kazi hii, asiyechagua zana ndiye mharibifu, kwa kuwa kila ila ina zana yake, na mara nyingi zana hiyo haiuzwi dukani.

Huko Los Angeles, Marekani, iko karakana inayotengeneza bila malipo ala za wanafunzi wa shule za umma, huduma iliyoanza mwaka 1959. Filamu fupi juu ya mafundi wake, The Last Repair Shop, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2024. Jina hilo lina maana ya karakana ya mwisho, na lilitujia akilini tulipomwuliza mzee wetu ni nani anayemfundisha. Alijibu kuwa hana mtu. Gololi zile hazina alama wala maandishi. Hesabu yake yote imo mkononi mwake. Siku akiondoka, sanduku lake litauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Wazazi wenzetu, tunawasomesha watoto wetu, na hilo ni jema. Lakini ni wangapi tumewapeleka kukaa japo siku moja kwa juma mbele ya fundi aliye hai?

Jirani yetu alilipa kidogo kuliko alivyohofia. Kisha aliomba kijana wake akubaliwe kuja kila Jumamosi. Mzee alikubali kwa sharti moja: miezi mitatu ya mwanzo ni kupiga tupa tu, wala asiguse ala ya mtu. Kijana ameshaanza.