Kamyo ya zamani: kuondoa ufunguo hakutoshi

Wewe shofere wa kamyo ya zamani, pengine unasema: «Nimeondoa ufunguo, waya wa batiri nimeufungua, sasa nilale.» Usilale bado! Motere ya mazutu ya zamani, ile unayoizima kwa kuvuta kikono, inahitaji umeme wakati wa kuwasha tu. Kisha inazunguka yenyewe. Ukisimamisha kamyo kwenye mtelemko, mwivi anatoa mawe chini ya magurudumu, anatia vitesi, kamyo inashuka na motere inawaka bila batiri.

Basi funga pia njia ya mazutu. Fundi aweke robine nzuri kati ya tanki na pampu, mahali pa kujificha. Mwivi atakwenda kidogo tu, mpaka mazutu ya ndani ya bomba iishe. Lakini usifunge robine kamwe ukiwa njiani: motere ikizima, usukani unakuwa mzito na upepo wa freni haujazwi tena. Asubuhi uifungue kabla ya kuwasha, usipofanya hivyo utapampu kwa mkono kutoa hewa, na jasho litakutoka.

Na wewe ambaye demarere yako imekufa, unaacha motere ikizunguka huku unanunua mkate kando ya barabara ya Kasumbalesa! Mwivi anapanda tu. Hata bila mwivi, kamyo isiyo na mtu inaweza kushuka juu ya watoto. Tengeneza demarere kwanza. Wala usilale chini ya kamyo ili kuilinda; atakayeiondoa hataangalia chini.