Umaskini na Uchafuzi (2): Maji ya Tigithe Yananywewa na Nani?

Wiki iliyopita tulizungumzia moshi wa kuni jikoni. Leo twende mtoni.

Mto Mara unapita kati ya Tarime na Serengeti, nao hupokea maji ya mto Tigithe yanayotoka upande wa Nyamongo. Mei 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia Tigithe. Wenye mgodi walieleza kuwa wezi walikata plastiki iliyotandikwa kuzuia maji yasivuje. Haya, tuchukulie ni kweli. Ni mtu wa hali gani anayehatarisha maisha yake kwa kipande cha plastiki?

Tindikali hiyo haimwagwi na mtu. Mwamba wenye salfaidi, yaani madini yenye salfa, ukiwa ardhini hauna neno. Ukishachimbwa na kurundikwa nje, hewa na mvua huifanya salfaidi kuwa tindikali, nayo huyeyusha metali zilizomo na kuteremka nazo bondeni. Ndiyo maana hatari hubaki hata mitambo ikizimwa.

Mei 2019 serikali iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa maji yaliyovuja kwenye bwawa la topesumu. Machi 2022 maji ya Mto Mara yakawa meusi, samaki wakafa. Kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, wengi hawakuridhika. Ubishi wa chanzo uendelee, lakini wananchi walipoambiwa wasitumie maji yale, mwenye kisima kirefu alitii bila shida. Mwenye pesa alinunua maji kwa madumu. Asiye na kimoja wala kingine angetii kwa kunywa nini? Hapo ndipo umaskini unapokutana na sumu: watu wote wana mto mmoja, ila si wote wanaoweza kuuacha.

Tusiulaumu mgodi mkubwa peke yake. Kwa wachimbaji wadogo, mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga huchanganywa na maji na zebaki, na zebaki hukamata dhahabu. Kisha donge la zebaki na dhahabu huchomwa, mara nyingine nyumbani, watoto wakiwa karibu. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, nao huharibu mishipa ya fahamu. Zebaki inayofika majini hugeuzwa na bakteria kuwa sumu kali zaidi, ikaingia kwa samaki, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Kipo chombo cha chuma, retoti, kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki itumike tena. Lakini mtu anayetaka unga wa ugali leo jioni hana subira na retoti.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki uliotambuliwa mwaka 1956 ulianzia kwa familia za wavuvi, waliokula samaki kila siku kwa kuwa ndicho chakula chao. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013, umebeba jina la mji huo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila Mtanzania haki ya mazingira safi na salama. Basi ndugu zangu wa Kisaka, Nyamongo na vijiji vyote vya kando ya mto, kwenye mkutano wa kijiji ujao daini mambo mawili: visima kwanza, na majibu ya vipimo vya maji yasomwe hadharani, kwa Kiswahili.