Taa za Nyongeza za Pikipiki: Jinsi ya Kuzifunga na Kuzitumia kwa Usalama

Tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya thamani juu ya pikipiki ndogo zisizofika cc 250, chombo hiki kimeenea hata katika vijiji ambavyo motokaa haziviendei. Wenye bodaboda hufanya kazi mchana na usiku. Huwapeleka wagonjwa hospitali, huwarudisha wachuuzi makwao, na husafirisha maziwa kabla ya mapambazuko. Lakini nyingi za pikipiki hizo zina taa moja tu ya mbele, yenye balbu ya wati 35, nazo njia za mashambani hazina taa kabisa. Ndiyo sababu waendeshaji wengi hununua taa za nyongeza. Taa hizo zaweza kuokoa maisha ya watu. Zikifungwa ovyo zaweza kuyaangamiza.

MWENDO NA MWANGA

Mtu aendaye kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde. Tangu amwonapo ng'ombe au mtu njiani mpaka breki zianze kushika, sekunde moja au zaidi imekwisha pita. Baada ya hapo pikipiki huhitaji tena mita 20 au zaidi ili isimame, hata kama njia ni kavu. Basi yule ambaye taa yake haimwonyeshi kitu mpaka kiwe mita 30 mbele yake hana nafasi ya kujiokoa. Hana budi kupunguza mwendo au kuongeza mwanga.

KABLA YA KUNUNUA

Yafaa kwanza kuitengeneza taa iliyopo. Kioo kilichofifia kwa vumbi, waya ulioshika kutu pale unapofungwa kwenye fremu, na betri iliyochoka, yote hupunguza mwanga. Mara nyingi mwenye pikipiki akiisha kuyaondoa makosa hayo, huona kwamba haja yake ni ndogo kuliko alivyodhani.

Jambo la pili ni kupima nguvu ya umeme. Umeme wa pikipiki hutoka katika koili zilizo ndani ya injini, na nguvu yake ina mpaka. Hesabu yake ni rahisi: wati zikigawanywa kwa volti 12, jibu ni ampea. Taa mbili za LED za wati 10 kila moja hazifiki ampea 2. Lakini taa mbili za balbu za motokaa, za wati 55 kila moja, hutaka zaidi ya ampea 9, nao ni mzigo uliozidi mara tatu ule wa taa kubwa ya pikipiki yenyewe. Mzigo kama huo humaliza betri.

Fundi na aiwashe injini kwa kasi ya safari, awashe taa zote, kisha apime betri. Kipimo kikizidi volti 13, mambo ni sawa. Kikishuka chini ya 12.5, betri inatoa umeme mwingi kuliko inaoupokea.

KUFUNGA WAYA

Kosa lionekanalo sana ni kuunga taa mpya juu ya waya za taa ya zamani. Waya hizo nyembamba, pamoja na swichi yake, hazikufanywa kwa mzigo huo. Hupata moto, plastiki yake huyeyuka, na tangi la petroli liko karibu.

Njia iliyo sawa ni kuvuta waya mpya kutoka betri, na kutia fyuzi karibu kabisa na betri. Umeme wa taa upite katika rilei, ili swichi ya usukani isibebe mzigo. Katika rilei za kawaida, ncha nambari 30 hupokea umeme wa betri na nambari 87 huupeleka kwenye taa. Nambari 85 na 86 ni za kuiamrisha: moja hufungwa kwenye fremu, na nyingine huenda kwenye swichi. Swichi hiyo ipate umeme wakati ufunguo umewashwa tu, taa zisije zikasahauliwa usiku kucha. Kwa taa za wati 20, fyuzi ya ampea 5 yatosha. Mtu azibaye fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya amemfukuza mlinzi wake.

KULENGA MWANGA

Taa zifungwe chini ya taa kubwa, moja kila upande. Hivyo ajaye mbele huona nuru tatu, na ni rahisi kwake kutambua kwamba ni pikipiki, wala si motokaa iliyo mbali.

Ili kuzilenga, pikipiki isimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Mwendeshaji aketi juu yake pamoja na abiria au mzigo wake wa kawaida, kwa kuwa uzito wa nyuma huinua mwanga wa mbele. Urefu wa taa kutoka chini upimwe na kutiwa alama ukutani. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya alama hiyo. Taa iliyo sentimita 60 juu ya ardhi, ikilengwa hivyo, humulika mpaka mita 60.

HAKI YA WENGINE

Aliyepigwa na mwanga mkali machoni huwa kama kipofu kwa sekunde kadhaa. Dereva wa basi aendaye kilomita 50 kwa saa, akipofushwa kwa sekunde 3, hupita zaidi ya mita 40 bila kuona, na wa kwanza kuwa mbele yake ni yule yule aliyempofusha. Kwa hiyo taa za nyongeza zizimwe kila chombo kingine kinapokaribia, na pia katika miji yenye taa. Penye ukungu, kama Limuru, taa ya juu ipunguzwe, kwa maana ukungu huurudisha mwanga machoni pa mwendeshaji.

Tena, taa za mbele hazimwonyeshi mtu kwa wale wanaomfuata. Sheria ya Barabarani, Sura 403, inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia ngumu na koti lenye vipande vya kung'aa. Taa ya nyuma nayo ikaguliwe kila jioni kabla ya safari.