Ripoti ya MRI ya bega: kinachoonekana si lazima kiwe ndicho kinachouma

"Kano ya suprasipinatasi imechanika unene wote. Kifuko cha majimaji kimevimba. Kiungo cha juu ya bega kimechakaa." Mtu aliyesumbuliwa na bega miezi kadhaa akisoma maneno hayo kwenye ripoti ya MRI, hamu ya chai humtoka. Kabla hajaanza kuulizia bei ya upasuaji, ajue kwanza mabega ya wasioumwa yakoje.

Mwaka 1995, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya MRI ya watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na shida. Asilimia 34 walikutwa na kano zilizochanika. Kwa waliovuka miaka 60, ilikuwa asilimia 54. Kwa hiyo ripoti peke yake haiwezi kusema kinachouma ni nini. Inaorodhesha kilichoonekana, basi.

Hayo maneno "unene wote" nayo hutisha kupita kiasi. Maana yake ni kwamba mchaniko umetoboa kano kutoka juu hadi chini, si kwamba imekatika vipande viwili. Shuka lenye tundu bado ni shuka. La kutazama ni tundu lina milimita ngapi, kano imevutika kiasi gani kutoka kwenye mfupa, na kama msuli wake umeanza kugeuka mafuta. Hayo ndiyo daktari wa mifupa huyapima anapofikiria kushona.

Kipimo kingine hufanyika kwa mikono mitupu. Daktari anakwambia inua mkono; ukikwama, anauinua yeye. Ukipanda kwake bila shida, kano au msuli ndio wa kushukiwa. Ukigoma hata kwake, hasa kuuzungusha kwa nje huku kiwiko kimebana ubavu, na eksirei haina kasoro, huenda ni bega lililoganda, na MRI inaweza isiongeze kitu. Ugonjwa huo huwapata zaidi wenye kisukari, kwa hiyo usishangae akikuagiza upime sukari badala ya picha.

Kano ikiwa imechakaa taratibu, kwa kawaida matibabu huanza na mazoezi ya fiziotherapia, miezi mitatu hivi, kabla kisu hakijatajwa. Aliyeanguka na bodaboda na mkono ukagoma kuinuka siku hiyohiyo hayumo katika hesabu hiyo. Yeye apigwe picha haraka, maana kano iliyokatika ghafla ikiachwa muda mrefu huzidi kurudi nyuma, na kuifikisha tena mfupani huwa kazi.