Injini Iliyotumika: Msinunue kwa Namba Moja



Injini za magari zilizokwisha kutumika, nyingi zikitoka Japani, hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kisha huuzwa zikiwa zimelazwa chini katika maduka ya vipuri. Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi inajulikana sana kwa biashara hii. Wanaokwenda huko si matajiri peke yao. Wengi ni wafanyakazi waliokopa katika chama chao cha akiba na mikopo ili pikapu ya kikundi irudi barabarani. Injini ikiwa mbovu, mkopo unaendelea kukatwa katika mshahara kila mwezi, na gari limesimama juu ya mawe. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kueleza jinsi ya kusoma kipimo cha mgandamizo, ambacho mafundi hukiita kompresheni.

Pistoni ikipanda hubana hewa ndani ya silinda. Kama ringi zimelika, au valvu haifungi sawasawa, au gasketi ya silinda hedi imeungua, hewa huvuja na nguvu hupotea. Ili kupima, fundi hukata umeme wa plagi na petroli, hutoa plagi zote, hufungua mlango wa hewa wote, kisha hufunga geji katika tundu la plagi na kuizungusha injini kwa stata. Kila silinda ipimwe kwa mizunguko iliyo sawa. Betri iwe na nguvu, kwa maana stata ikizunguka kwa uvivu namba hushuka bila kosa la injini. Hapa tunazungumzia injini ya petroli. Ya dizeli hubana hewa zaidi ya mara mbili, na ina geji yake.

Jambo la kwanza: tazameni usawa wa silinda. Tuseme mmewekewa injini mbili mjini Nairobi. Ya kwanza inatoa PSI 145, 145, 140 na 145. Ya pili inatoa 165, 160, 105 na 165. Muuzaji atawaambia kwamba ya pili ina wastani wa 149, na ile nyingine 144 tu. Hesabu yake ni sahihi, lakini ushauri wake ni mbaya. Silinda yenye 105 haifiki hata theluthi mbili ya wenzake. Injini hiyo itatetemeka, itakula petroli, na itawarudisha kwa fundi. Chagueni ya kwanza. Tofauti ya asilimia 10 kati ya silinda ya juu na ya chini inavumilika. Ikifika 25, iacheni.

Jambo la pili: ulizeni injini ilipimwa wapi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini inayotoa PSI 170 Mombasa itatoa kama 145 Nairobi, na kama 140 katika mashamba ya chai ya Kericho, bila kuharibika hata kidogo. Kwa hiyo 145 ya Nairobi isiwatishe. Lakini 145 ya Mombasa iwafanye muulize maswali, na kufungua kitabu cha mtengenezaji kuona kiwango cha chini anachokubali.

Jambo la tatu: silinda ikiwa chini, tafuteni sababu. Fundi atie kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi, apime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimekwisha, kwa sababu oili imeziba pengo kwa muda. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shukuni gasketi iliyoungua kati yao. Na namba iliyozidi kiwango cha kitabu si sifa: huenda masizi yamejaa juu ya pistoni.

Hapo ndipo penye hila. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kutia oili katika silinda zote kabla hamjafika, na injini iliyochoka ikasoma kama mpya. Msikubali karatasi ya vipimo vya jana. Pimeni wenyewe, kwa geji yenu, na kwanza mwangalie kama plagi zimelowa oili. Zikiwa zimelowa, ama mmetegwa, ama injini inakula oili.

Tena kipimo hiki hakisemi kila kitu. Hakionyeshi beringi zilizolika wala pampu ya oili iliyochoka. Fungueni kifuniko cha oili: mkikuta rangi ya maziwa, maji yameingia. Mwageni oili kidogo mtazame kama ina chembe za chuma.

Mkisharidhika, risiti iandikwe namba ya injini, vipimo vya silinda zote, na siku ambazo muuzaji anakubali kurudishiwa mali yake. Akikataa kuandika, ondokeni na fedha yenu.

Geji moja haimshindi mtu kumi wakichanga. Tunashauri kila kikundi chenye gari kinunue yake, ikae kwa katibu, na aazimwe kila mwenzetu anayekwenda kununua injini. Asiende peke yake. Afuatane na fundi asiyelipwa na muuzaji.