Je, Mwanamke ni Mtii Kuliko Mwanamume?

Husemwa sana kwamba mwanamke ni mtii kuliko mwanamume. Wasemao hivyo hawakosi sababu: msichana hulelewa kwa kuambiwa "nyamaza", na mvulana kwa kuambiwa "jitetee". Si neno dogo hili. Kwa neno hilihili wako wasichana walionyimwa uongozi, eti watafuata tu ayasemayo mwingine. Na wako wavulana waliosamehewa ukaidi, eti ndivyo walivyoumbwa. Basi, wenzangu, yafaa tuulize limepimwa namna gani.

Njia nyepesi kuliko zote ni karatasi ya maswali, ambayo wataalamu wa siku hizi huiita hojaji. Huulizwa, mathalani: "Mkubwa wako akikuamuru jambo usilolipenda, utalifanya?" Mtu hutia alama kwenye jibu moja kati ya matano, kuanzia "sitalifanya kabisa" hata "hakika nitalifanya". Majibu hupewa hesabu, 1 mpaka 5, kisha hutafutwa wastani wa wanaume na wastani wa wanawake, na kulinganishwa. Kidato chochote chaweza kuifanya kazi hiyo kwa juma moja, na gharama yake ni karatasi tu. Lakini je, mtu akisema atafanya hivi, ndivyo atakavyofanya?

Mwaka 1961 huko Marekani, Stanley Milgram, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Yale, alianza kuwaita watu wa mji wa New Haven waje kusaidia, kama alivyowaambia, uchunguzi wa kujifunza na kukumbuka. Kila aliyekuja alipewa kazi ya "mwalimu". "Mwanafunzi" alifungwa kitini katika chumba cha pili, na kila alipokosea, mwalimu alitakiwa kumpiga kwa umeme, akipandisha nguvu hatua kwa hatua, toka volti 15 mpaka 450. Umeme haukuwapo, mwanafunzi yule alikuwa amepangwa, na vilio vyake vilikuwa vya mchezo. Mwalimu hakujua. Aliposita, msimamizi alimwambia kwamba ni lazima aendelee.

Sasa sikilizeni. Milgram aliwaeleza habari hiyo watu 110, wakiwamo madaktari wa maradhi ya akili na wanafunzi wa chuo, akamtaka kila mmoja aonyeshe yeye mwenyewe angekoma wapi. Wote 110 walisema wangekataa kabla ya mwisho. Na waliotiwa chumbani kweli? Wanaume 26 kati ya 40 walikwenda mpaka volti 450, yaani 65 katika kila mia.

Baadaye akawaita wanawake 40. Waliofika mwisho walikuwa 26, sawasawa na wanaume. Tofauti moja ilionekana, nayo, ajabu, ilitokana na kuulizwa. Baada ya kazi kila mtu aliulizwa alikuwa na wasiwasi kiasi gani, na wanawake waliotii walionyesha wasiwasi mkubwa kuliko wanaume waliotii. Kitendo kilikuwa kimoja, lakini moyoni hawakuwa hali moja. Kwa hiyo maswali si ya kudharauliwa: mtu aweza kueleza vizuri yaliyompata nafsini mwake, ila kutabiri atakalotenda ni kazi nyingine.

Wengine walifuata, nao hawakupatana. Mwaka 1972, huko huko Marekani, mtoto wa mbwa aliwekwa mahali pa mtu, na umeme ulikuwa wa kweli: wanawake wote 13 walitii mpaka mwisho, na wanaume 7 kati ya 13. (Maskini mbwa yule hakuulizwa.) Katika uchunguzi wa Australia uliochapwa 1974, wanaume 40 katika mia walitii, wanawake 16 tu, lakini huko wanawake waliambiwa wampige mwanamke mwenzao, na pengine hilo ndilo lililowafanya wakatae. Jerry Burger, ambaye habari zake zilichapwa 2009, alirudia kazi ya Milgram akikomea volti 150 ili watu wasiumizwe roho, wala hakuona tofauti. Mwenye kuchukua hesabu moja tu kati ya hizi aweza kuthibitisha lolote apendalo.

Kidato kitakachojaribu kazi hii kisiulize, "Je, wewe ni mtii?" Kwetu utii ni sifa, nani atajiandikia aibu? Wala kisiweke methali kama "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" na kuuliza nani anakubali, maana wote wameifundishwa tangu utotoni. Afadhali kuuliza yaliyopita: "Juma lililopita kiranja alikuamuru mara ngapi jambo uliloliona si la haki? Ulilifanya mara ngapi?" Tena atajwe ni nani anayeamuru, mama, kiranja, mwalimu au askari, na kila mmoja ahesabiwe mbali. Msichana aweza kumtii mama na kumkaidi kiranja. Mvulana akawa kinyume chake, na ukiwajumlisha wote utaona wako sawa kumbe siyo.

Majina yasiandikwe. Karatasi zisikusanywe na mwalimu wa nidhamu. Sanduku lenye tundu latosha. Na wote wajaze chumba kimoja, saa moja, kwani wavulana wakijaza bwenini kwa vicheko, na wasichana mbele ya mwalimu, tofauti itakayopatikana haitajulikana imetoka kwa watu au imetoka chumbani.