Kwa Nini Wakimbiaji wa Kenya Hawaachi Ugali

Vijana wengi wanaoanza kukimbia huacha ugali wakidhani utawafanya wazito. Wakimbiaji wakubwa wa Bonde la Ufa hufanya kinyume kabisa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji bora wa Kenya ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 75 ya nguvu walizopata kwa siku zilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate na hata sukari ya chai.

Wanga unafanya nini?
Mwili huuhifadhi kwenye misuli na ini kama glaikojeni. Hiyo ndiyo petroli ya mbio za kasi. Akiba hii huanza kuisha baada ya saa moja na nusu hadi mbili za kukimbia kwa nguvu. Ndiyo maana wengi kwenye marathoni hukwama karibu na kilomita ya 30.

Baada ya mazoezi
Usikae njaa, hasa kama jioni unakimbia tena. Misuli hujaza akiba haraka zaidi katika saa za mwanzo. Chai ya maziwa na mkate ni mwanzo mzuri. Maharage, ndengu, mayai au mursik huongeza protini ya kujenga misuli iliyochoka.

Kujinyima kuna gharama
Anayekula kidogo kuliko anachotumia hupona polepole, huugua mara kwa mara, na mifupa yake inaweza kupata nyufa. Kwa mwanamke, dalili ya mapema ni kukosa hedhi. Huko si kuwa fiti, ni mwili unalalamika. Amwone daktari mapema.